Mtu wa kukupangia vitu nyumbani kupitia NDIS: usimamie fedha mwenyewe au umwachie msimamizi?

NDIS, bima ya taifa ya ulemavu nchini Australia, inaweza kumlipia mtu wa kukusaidia kupanga kabati na jiko, mradi hitaji litokane na ulemavu wako. Kwa kawaida makasha na rafu unanunua mwenyewe.

Kwa bei, anayejisimamia fedha zake za NDIS anaweza kulipa zaidi ya kikomo cha bei cha NDIS, ila saa zake za msaada zitamwishia mapema. Msimamizi wa mpango, yaani anayekulipia ankara kutoka kwenye fedha zako za NDIS, havuki kikomo. Ada yake hutengwa kando, haigusi saa zako.

Ugumu uko kwenye makaratasi. Ukijisimamia, unadai fedha kwa NDIS, unalipa na kutunza ankara miaka 5. Ankara isiyo na tarehe, saa na kazi iliyofanyika itakusumbua kwenye ukaguzi. Ikiwa makaratasi ndiyo yaliyokulemea, chukua msimamizi. Ikiwa mtu wa kupanga vitu unayemwamini anatoza juu ya kikomo, jisimamie.