Steshenari ya Mwenge: kazi safi, siri za wateja hadharani

Kwa miaka miwili nimekuwa mteja wa steshenari moja iliyo jirani na kituo cha daladala cha Mwenge, na kwa kazi yenyewe sina lawama: wino haupauki, foleni inakwenda, na kopi ni shilingi 100 tu. Kinachonikera ni hatima ya nyaraka mteja akishaondoka.

Wiki iliyopita nilituma kwa WhatsApp picha ya kitambulisho changu cha NIDA, kwa kuwa kijana wa kompyuta hapokei flashi akiogopa virusi. Alipofungua kompyuta kuitafuta, kioo kilijaa wasifu wa waomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, na hata majibu ya maabara yenye jina kamili la mgonjwa, na sote tuliopanga foleni tukayasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisihifadhiwe kupita muda ambao kusudi hilo linahitaji, tena taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Kusudi langu lilikwisha karatasi ilipotoka kwenye mashine.

Nilipomuuliza mbona hafuti, alijibu, "Dada, mteja akirudi kesho hana haja ya kutuma tena." Hoja hiyo si ya kipuuzi, maana wengi hurudi kweli, lakini aliyepaswa kuamua ni mwenye nyaraka.

Rafu iliyo nyuma ya kaunta nayo ina lake. Imepangwa vitabu vizima vya kiada vilivyotolewa kopi na kufungwa kwa waya wa plastiki, tayari kuuzwa. Mwanafunzi kujitolea kopi ya kurasa chache ni jambo jingine. Hii ni biashara ya jasho la mtu, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Nilisimama palepale hadi faili langu likafutwa, nikamkumbusha kwamba bado limo kwenye kapu la taka la kompyuta na kwenye simu ya duka. Alifuta kote, akicheka. Ripoti zangu nitaendelea kuzipeleka kwake. Kitambulisho nitakwenda nacho mkononi, kitolewe kopi mbele ya macho yangu.