Kibao Kinachocheza: Jenga Kama Zawadi kwa Mtoto Mdogo

Mpwa wangu wa kiume alipokaribia kutimiza miaka minne, nilikuwa nimeshajifunza kwa hasara. Mwaka uliotangulia nilimpelekea gari la plastiki lenye taa na nyimbo, ambalo lilimfurahisha kwa siku nne, likawakera wazazi wake kwa wiki mbili, kisha likanyamaza betri zilipokwisha, na tangu hapo limekaa juu ya kabati. Kilichonisumbua zaidi ni rimoti yake, iliyotumia betri zile ndogo bapa zinazofanana na vifungo vya shati, huku kifuniko chake kikifunguka kwa ukucha tu, bila skrubu hata moja. Betri ya aina hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Kwa hiyo safari hii nilitafuta kitu kisichoimba, kisichowaka wala kuchajiwa, nikaishia kununua Jenga, mchezo wa mnara wa vibao vya mbao, kwenye duka moja la vitu vya watoto hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 65,000.

Jina lake halihitaji mkalimani. Aliyeubuni mchezo huu, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, akikijua Kiswahili tangu utotoni. Familia yake ilipokuwa Ghana ilianza kupanga na kuchomoa vipande vya mbao vilivyotoka kwenye kiwanda cha kupasua magogo cha Takoradi, na mwaka 1983 akauonyesha mchezo huo katika maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini London. Dada yake mpwa wangu, mwenye miaka saba, aliposoma sanduku alidhani ameamriwa kujenga. Akajenga kweli, tena vizuri, na akashangaa kuambiwa kwamba sasa ndipo kazi inaanza, na kazi yenyewe ni kuchomoa.

Ndani ya sanduku mna vibao 54, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 7.5, upana wa sentimita 2.5 na unene wa sentimita 1.5. Vibao vitatu vikilazwa pamoja hufanya safu moja, safu inayofuata hukingamizwa juu yake, na zikifika safu 18 mnara unakuwa na kimo cha sentimita 27, pungufu kidogo ya rula ya shule. Kila mchezaji huchomoa kibao kimoja kutoka chini, kwa mkono mmoja tu, na kukiweka juu kabisa, mpaka mtu auangushe. Watoto wale hawakutaka kusikia habari za safu. Kwao ni ghorofa, na jengo la ghorofa 18 lililotobolewa ubavuni lina msisimko ambao neno «safu» haliwezi kuubeba.

Siri ya mchezo huu sikuielewa mpaka nilipomtazama yule mdogo akicheza. Vibao havilingani barabara. Vingine ni vyembamba kuliko vingine kwa kiasi ambacho jicho halikioni, hivyo uzito wa mnara huvikalia baadhi yao na kuviacha vingine vikiwa huru. Hakuna awezaye kujua kipi ni kipi bila kugusa. Mtoto alikuwa akipitisha kidole cha shahada kutoka ghorofa hadi ghorofa, akisukuma kidogo, akisikiliza kwa ncha ya kidole, na akikuta kilicholegea hunong'ona, «Hiki kinacheza», kama vile tunavyosema jino linacheza. Mimi niliyesogea karibu ili nione vizuri niliambiwa kwa ukali mkubwa, «Mjomba, usipumue!» Nikabana pumzi. Mtoto huyo huyo hawezi kukaa kitini hadi amalize sahani ya wali.

Sanduku linasema mchezo ni wa kuanzia miaka 6, na kwa sheria kamili nakubaliana nalo. Kwa mwenye miaka minne tulilegeza mambo: anaruhusiwa mikono miwili, mnara unaanza na ghorofa nane badala ya 18, na aliyeangusha hatoki mchezoni bali ndiye anayeujenga upya. Ajabu ni kwamba kwenye vibao vya katikati vidole vyake vyembamba vinamzidi dada yake, na dada huyo hajalisamehe jambo hilo. Kwa walio chini ya miaka mitatu ninatumia kipimo cha bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha: kinachopita humo hakiwafai. Kibao hiki kikisimamishwa wima hupita, kwa hiyo mtoto mchanga wa nyumba hiyo alipovitamani hakupewa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya muda vibao hivyo havichezewi Jenga kabisa, na hilo ndilo linalonifanya niihesabu pesa yangu kuwa imefanya kazi. Nimevikuta vimepangwa mstari mmoja kuanzia mlangoni hadi kwenye jokofu, nikaelezwa kwamba ni basi la mwendokasi na kwamba nilikuwa nimesimama katikati ya kituo cha Kimara. Jumamosi nyingine vibao vinne vilikuwa kivuko cha Kigamboni, magari mawili yakiwa juu yake na mwanasesere mmoja akikata tiketi. Gari la taa na nyimbo lilikuwa gari siku zote. Vibao havijawahi kuwa kitu kimoja siku mbili mfululizo. Dada mtu naye, bila kufundishwa na mtu, huhesabu kwa tatu tatu kabla ya kuanza, na ndiye aliyegundua kwamba viwili vimepotea kwa sababu hesabu iligoma kwenye 52.

Kasoro zipo. Mnara ukianguka kwenye sakafu ya vigae unapiga kelele za kuamsha mtaa, na shemeji yangu ameshapiga marufuku mchezo huo baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo tandikeni mkeka. Sanduku la karatasi halikumaliza mwezi wa pili, hivyo dada yangu alishona mfuko wa kitenge wenye kamba. Na bei, kwa vipande 54 vya mbao visivyopakwa rangi, inauma.

Ilinipasa kuitafakari bei hiyo nilipotaka seti ya pili kwa ajili ya watoto wa kaka yangu wa Morogoro. Nilijaribu kwanza sanduku la kuiga la bei rahisi, shilingi 15,000 kwa mchuuzi mmoja wa barabarani, lenye vibao vya rangi nne. Nililifungua nyumbani likanuka vanishi mbichi, nikasugua kibao chekundu kwa kitambaa chenye maji na kitambaa kikageuka waridi, kisha kibanzi kikanichoma chini ya kucha. Watoto hutia vitu kinywani hata wanapokuwa wamevuka umri wa kufanya hivyo, na rangi isiyojulikana ilikotoka si kitu cha kumpa mtoto ainyonye. Seti hiyo sikuipeleka Morogoro.

Nilikwenda badala yake kwa fundi seremala wa Keko, nikamkabidhi kibao kimoja cha asili kama kielelezo, akavikata vyote kutoka kwenye mabaki ya mninga kwa shilingi 30,000, akavipiga msasa hadi pembe zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Ni vizito zaidi, na ukivigonganisha vinatoa mlio mzuri kuliko vile vya dukani. Lakini fundi alijivunia kazi yake kupita kiasi: vyote vililingana barabara, na mnara ulipopangwa ukashikamana kama ukuta, hakuna kibao kilichocheza. Nilikaa jioni nzima barazani nikisugua kimoja katika kila vitatu mpaka kikapungua unene wa karatasi chache. Masika yalipoingia vikavimba na kukaza tena, maana hatukuvipaka hata nta, na kaka yangu akapiga simu kulalamika kwamba nimewapelekea wanawe tofali.

Kwa mtu mwenye pesa na haraka, nunua ile ya asili. Imekamilika na haihitaji kusuguliwa. Mwenye fundi anayemwamini aagize ya mninga, amwombe aipake nta ya nyuki, na asimruhusu kupima kwa umakini mno. Mimi nimeshamwagiza fundi wangu seti nyingine mbili za kuwahi Idi, naye ameniuliza mara tatu kama kweli ninamlipa ili akosee.