Hormuz na Bab el-Mandeb: mlango upi mzito zaidi?
Kwenye ramani, milangobahari hii miwili ni kama mapacha. Ila Bab el-Mandeb, "Mlango wa Machozi" kati ya Yemen na Djibouti, unazungukika. Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, makontena ya Asia yaliendelea kwenda Ulaya kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ilirefuka kwa siku 10 hivi, bima ikapanda, lakini mzigo ulifika.

Hormuz, njia pekee ya bahari kutoka Ghuba ya Uajemi, hauzungukiki. Meli ya gesi ikitoka Ras Laffan, Qatar, lazima ipenye hapo, Iran huku, Musandam ya Oman kule. Saudia angalau ina bomba la mafuta hadi Yanbu, bandari yake kwenye Bahari ya Shamu. Kuwait haina hata hilo. Kwangu, Hormuz ndio mzito.