Nililipia ukaguzi wa popo kabla ya kung'oa paa, Moshi

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Sh450,000, nusu unatoa kabla ya kazi na nusu ukikabidhiwa ripoti. Nauli ya wakaguzi ya kutoka Arusha nililipa mimi, na hiyo hawakuitaja mpaka wameshafika Moshi na mizigo yao ipo kibarazani.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya ukoo wa mume wangu, ipo Shanty Town. Tunaigeuza iwe ya kulala wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo bati zote zinashuka, kenchi zilizoliwa zinabadilishwa na paa linainuliwa ili tupate vyumba juu. Popo tulijua wapo. Jioni wanamiminika, na chumba cha kona kina ile harufu kali ya mkojo isiyosikia rangi mpya wala dawa ya sakafu. Fundi paa alikuwa na tiba yake tayari: unachoma pilipili kavu darini usiku, asubuhi unafagia maiti.

Aliyeng'ang'ania ukaguzi ni shemeji yangu anayeishi Leicester, na kwa kuwa fedha nyingi za mradi ni zake, neno lake lina uzito. Uingereza popo wa aina zote wanalindwa na sheria ya mwaka 1981. Ukitaka kubomoa au kupanua jengo lenye dalili za popo, halmashauri inaweza kukataa kupitisha ombi lako mpaka mtaalamu alikague. Kuingia darini mchana unaweza wakati wowote wa mwaka, lakini kukaa nje jioni kuhesabu wanaotoka hufanyika kati ya Mei na Septemba, kwa sababu wakati wa baridi popo wa kule wanalala miezi. Kwa shemeji mwenyewe, mkaguzi aliona kinyesi cha popo mwezi wa Novemba. Mchoro wa ujenzi wake ukakaa kabatini mpaka joto liliporudi.

Hapa kwetu, nilipoomba kibali cha ujenzi, manispaa waliuliza hati, michoro na mambo ya kawaida. Popo hawakutajwa. Mama mkwe alicheka sana: "Yaani mnalipa watu waje kuhesabu popo?" Ndiyo, mama, na walihesabu kweli.

Walikuja wawili, kaka mmoja na dada mmoja. Mchana walipanda darini na barakoa nzito, glavu na tochi za kichwani. Fundi aliposogea na tisheti tu, yule dada alimrudisha chini. Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuwa na kuvu ambaye vumbi lake likivutwa linaumiza mapafu, kwa hiyo hakifagiliwi kikavu. Kinanyunyiziwa maji kwanza. Kisha akachukua punje chache kwenye karatasi, akazisugua na kijiti. Zikavunjika kuwa unga unaometameta: mabawa na magamba ya wadudu. Kinyesi cha panya, akasema, hakivunjiki hivyo, ni kigumu. Kumbe ule mlango wa stoo tulioubandika bati kuzuia panya haukuwa na panya wowote.

Walichofuata ni matundu, na hapa ndipo nilianza kuona fedha yangu inafanya kazi. Fundi alikuwa ameshaniorodheshea nyufa za kuziba kuzunguka nyumba nzima. Wao walitafuta alama ya mafuta meusi pembeni ya tundu, ambayo manyoya ya popo huiacha kwa kupita palepale kila siku. Nyufa nyingi zilikuwa safi kabisa, hazitumiki. Popo wanapita sehemu tatu tu: chini ya kofia ya bati upande wa mlima, na pembe mbili ambako fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, imeachana na ukuta. Upana wa tundu lenyewe kidole gumba kinaingia kwa shida.

Jioni tukawekewa viti uani. Kila mmoja wao alikaa kona yake na kaunta ya kubonyeza mkononi, pamoja na kifaa kinachoshusha milio ya popo mpaka sikio la mtu liweze kuisikia. Sisi binadamu tunaishia karibu kilohezi 20, na popo hawa wanapiga juu ya hapo. Jua lilipozama kifaa kikaanza kutoa mlio wa tap-tap-tap, polepole, halafu popo akikaribia mdudu mapigo yanaharakishwa mpaka yanakuwa mkoromo mmoja. Watoto waligombania kukishika. Mume wangu, aliyekuwa amenuna kuhusu gharama tangu asubuhi, hakuondoka uani mpaka giza limeingia kabisa. Tundu la kofia peke yake lilitoa zaidi ya popo mia mbili.

Wakatuonyesha pia kwamba wale wakubwa wanaopiga kelele kwenye miti ya jirani ni wala matunda, na hawana habari na dari letu. Wa kwetu ni wadogo, mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa, wanakula wadudu, na wanapenda hasa dari za bati. Mchana kule juu joto linapita nyuzi 40 na wao wanavumilia. Likizidi wanashuka kidogo ukutani.

Jirani alipoona barakoa alikuja mbio kuuliza kama ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, maana habari za mlipuko wa Kagera wa 2023 na wa 2025 hazijasahaulika. Walimjibu vizuri, bila kumdharau: popo anayehusishwa na Marburg ni mla matunda anayekaa mapangoni na migodini, si hawa. Ila wakasisitiza popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu, kwa sababu jamii ya virusi vya kichaa cha mbwa wapo kwa popo pia. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Ndiyo sababu ya pili ya kutochoma pilipili: popo waliolegea wanaanguka uani, na wa kwanza kuwaokota ni watoto.

Sababu ya kwanza walikuwa wameiona darini mchana. Vuli ilikuwa imekolea, na kwenye pembe moja kulikuwa na vitoto vya rangi ya waridi, bila manyoya. Ukiziba wakati huo mama wanabaki nje, vitoto vinakufa na kuozea ndani ya ukuta, na wewe una wageni. Ushauri wao ulikuwa tuanze kushusha bati upande wa jikoni, ambako hapana popo, na upande wa mlima tuuache wiki kadhaa mpaka vitoto viruke.

Fundi alilalamika kuhusu kuhamisha jukwaa, lakini ratiba ilishikika. Muda ulipofika tulining'iniza mirija ya plastiki laini, kama mikono ya shati, kwenye yale matundu matatu: popo anatambaa akitoka, akirudi hapati pa kushika. Tuliiacha usiku kadhaa, tukasikiliza dari limenyamaza, tukaziba. Vifaa vyote viligharimu chini ya Sh40,000 kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Sasa ripoti. Kurasa nyingi, kwa Kiingereza, na ni wazi imekatwa kutoka kwenye ripoti za miradi mikubwa inayopitia tathmini ya athari kwa mazingira. Kuna ukurasa mzima kuhusu nyaya za umeme mkubwa. Mchoro wa matundu, ambao ndio fundi anauhitaji, uko mwishoni na ni mdogo kama stempu. Nilimwomba yule dada anichoree upya kwa mkono, na karatasi hiyo ndiyo iliyopandishwa juu ya paa. Wamependekeza pia masanduku ya mbao ya kuwahifadhia popo chini ya miti yenye kivuli, wakati wao wenyewe wametuambia popo hawa wanapenda joto. Hayo sikuyanunua.

Kama popo wako wapo kwenye kibanda cha kuku au banda la bati lisilo na dari, usiite mtu. Kaa nje jioni uangalie wanapotokea. Kwa nyumba yenye dari na paa linalokwenda kufumuliwa, waite kabla hujampa fundi malipo ya awali, na muulize nauli kwenye simu.