Makovu na michirizi: cha kununua Mombasa na cha kuacha dukani

Kabla hujatoa pesa, jitazame kwenye mwanga mzuri. Kovu lililoinuka, doa jeusi lisiloinuka, shimo la chunusi na michirizi ni vitu vinne mbalimbali, na hakuna chupa inayotibu vyote, hata muuzaji aape vipi. Kovu ni kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, ambayo mwili umeijaza palipoumia. Michirizi ni ngozi ya ndani iliyochanika kwa kuvutwa upesi huku homoni zikiidhoofisha: mimba, kubalehe, kunenepa ghafla, kunyanyua vyuma. Bidhaa za kuzitibu nimezipanga kwa jinsi ambavyo mimi ningezitolea pesa.

Ya kwanza: silikoni. Hii ni ya kovu lililoinuka, liwe la upasuaji wa uzazi, la mafuta ya mahamri au lile la kwenye muundi lililoachwa na bomba la moshi la bodaboda. Iko ya plasta na iko ya jeli. Plasta hukaa mwilini saa 12 au zaidi kwa siku, huoshwa na kurudishwa, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini msimu wa kaskazi jasho huibandua, na chini yake hutoka vipele. Kwa joto letu, chukua jeli. Paka utando mwembamba asubuhi na usiku, ngoja ikauke ndipo uvae. Ikinata kwenye nguo, umepaka nyingi. Anza kidonda kikishafunga kabisa, na ujipe miezi miwili mitatu kabla ya kuhukumu. Kwa kuwa bei yake si rahisi, soma kibandiko hapo hapo kemisti: dimethicone au jina jingine la silikoni liwe mwanzoni mwa orodha ya viambato. Likiwa mwishoni, baada ya manukato, rudisha. Shimo la chunusi hailijazi, kwa hivyo usiinunue kwa hilo.

Ya pili: losheni ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu. Jua hulitia kovu changa weusi ambao hukaa muda mrefu kuliko kovu lenyewe, na ngozi nyeusi ndiyo yenye madoa hayo zaidi. Zile zenye zinki nyingi hukuacha kama umepakwa chokaa. Tafuta yenye rangi ya ngozi, maana oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoongeza weusi. Kovu lililofichwa na buibui halihitaji losheni. Weka pesa yako.

Ya tatu: tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Kwa michirizi ambayo bado mipya, yenye wekundu au uzambarau. Ikishapauka, faida hupungua sana. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, huwasha na kubambua ngozi mwanzoni, na mjamzito haigusi kabisa.

Ya nne: mafuta. Hapa ndipo pesa nyingi huishia. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 6 ya wanawake 800, hayakupata ushahidi mzuri kwamba kupaka chochote huzuia michirizi ya mimba. Siagi ya kakao, Bio-Oil, vitamini E, yote hulainisha ngozi na kutuliza mwasho wa tumbo, basi. Kazi hiyo mafuta ya nazi huifanya kwa bei ya chini. Na singo? Isugue kwa raha zako, harufu yake haina mpinzani, ila usiipitishe juu ya kovu changa.

Keloidi iko nje ya orodha hii, kwa sababu haitibiki kwa cha dukani. Utaijua: hukua ikavuka mipaka ya kidonda, aghalabu sikioni baada ya kutoga, kifuani au begani. Daktari wa ngozi huidunga sindano ya steroidi kila wiki 4 hadi 6. Ikikatwa tu bila tiba nyingine, hurudi mara nyingi, pengine kubwa zaidi. Anayekuuzia leza, muulize ni ya aina gani na amewatibu wangapi wenye ngozi kama yako; leza isiyofaa huacha madoa au kuunguza.

Ya mwisho: krimu za kuchanganywa. Kopo lisilo na kibandiko, "linalotoa alama kwa wiki moja." Mengi yana steroidi kali, na steroidi hukondesha ngozi hadi ikachanika: unanunua dawa ya michirizi inayoleta michirizi, mapajani na kwapani. Mengine yana zebaki au hidrokwinoni, ambazo KEBS, shirika la viwango la Kenya, imezipiga marufuku katika vipodozi. Kama umeshaitumia miezi, usiiache ghafla. Ngozi huweza kuvimba na kuwaka moto. Peleka kopo lenyewe kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kupunguza.