Lenzi ya Japani au ya Thailand: Ipi Bora?

Lenzi za Japani hazikupata sifa bure. Canon hutengeneza huko lenzi zake za kundi la L, yaani zile za hali ya juu, na kampuni ya Sigma imebaki Aizu, hukohuko Japani, ambako lenzi zake zote hutoka. Ila wengi tunakosea hapa: ughali wake unatokana na vioo maalumu, mipira ya kuzuia vumbi na maji, na ukaguzi mrefu. Jina la nchi haliongezi ung'avu hata chembe.

Upande wa pili, Nikon ina kiwanda Ayutthaya, Thailand, kile kilichosimamishwa na mafuriko ya 2011. Lenzi yake ya 35mm f/1.8 DX imetoka China, na Canon 50mm f/1.8 STM hutoka Malaysia. Ni nyepesi, ganda la plastiki, bei nafuu, na picha zake ni kali kweli kweli.

Kinachoniuma zaidi ni tofauti kati ya lenzi mbili za aina ileile. Kioo kimoja ndani kikikaa upande kidogo tu, kona moja ya picha hufifia. Kwa hiyo kila lenzi mpya naifunga kwenye kamera iliyo juu ya stendi, nafungua lote tundu la kupitisha mwanga, napiga picha ukuta wa matofali uliosimama sambamba nami, kisha nakuza kona zote nne. Niliwahi kurudisha lenzi iliyoandikwa Japani: kushoto nilihesabu punje za mchanga kwenye tofali, kulia ukungu mtupu. Niliyopewa badala yake ilitoka China, na kona zake zote ni safi.