Watamu, Gede na Mida kwa siku moja: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Haya mtazamaji, karibu. Leo tunaichambua ile safari ya siku moja inayouzwa kila kona hapa Malindi: boti hadi kwenye matumbawe na mapango ya mwamba ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, kisha magofu ya Gede, kisha hori ya Mida. Wauzaji ni tele, na picha kwenye vibao vyao ni zile zile. Mtu hukaa kubishania bei ya boti nusu saa, na hajauliza maji yanakupwa saa ngapi. Hapo ndipo safari inapoharibika.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji hujaa sana na kukupwa sana, na pwani yetu wakati huo maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, yakajaa karibu saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hivyo ukifika tarehe nane au ishirini na mbili za mwezi mwandamo, siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kukupwa sana, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Mpango wa matumbawe asubuhi na Mida jioni unafaa siku za bamvua. Siku za maji mafu, anza Mida. Muulize nahodha swali hilo moja. Akijibu papo hapo bila kutoa simu mfukoni, huyo zungumza naye bei.

Kwenye matumbawe fika saa moja na nusu hivi kabla ya maji kukupwa kabisa. Kina ni kifupi, jua linafika chini, na kwenye boti yenye kioo sakafuni unaona samaki pono wakitafuna mwamba. Ukichelewa siku ya bamvua, boti itabaki mbali isije ikakwaruza matumbawe. Ukienda yakiwa yamejaa, utaona buluu tu. Kabla ya kupanda, inama ukague kile kioo: kikiwa na mikwaruzo na utando wa kijani, umelipa kutazama ukungu.

Tazama hii miwani ya kupigia mbizi mkononi mwangu. Usikubali uliyopewa tu. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikikaa, ni yako. Ikianguka, omba nyingine, maana kukaza mkanda hakuzibi pengo, kunakuumiza tu. Wenye masharubu mtaingiza maji kidogo, hilo halina dawa ila kunyoa. Kuondoa ukungu, paka mate ndani ya kioo kikavu, suuza mara moja, basi. Miguuni vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, si kandambili: chini kuna vile viumbe vya bahari vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Mwilini vaa fulana ya mikono mirefu. Na ukiona mtu anatoa mkate kulisha samaki, mzuie. Samaki akizoea mkate, huacha kazi yake ya kula mwani unaoyafunika matumbawe.

Sasa mapango. Vile visiwa vidogo mbele ya ufuo vina umbo la uyoga, juu pana, chini pembamba. Huo mwamba ni matumbawe ya kale, ya kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni chokaa tupu, kwa hivyo maji, mawimbi na vidudu vinavyotoboa mawe huula pale pale maji yanapofika kila siku. Tundu linaingia ndani, dari linabaki likining'inia. Liangalie kwa karibu: limejaa vijishimo, na kila ukingo ni wembe. Pigia picha nje, usikae chini ya dari, maana siku moja kipande hushuka. Yale mapango makubwa yaliyo chini ya maji, mlangoni mwa Mida, yenye samaki tewa wakubwa, si ya miwani na mrija. Ni ya wazamiaji wenye mitungi, na wao pia hungoja maji yasimame, kwa sababu mkondo pale ni mkali.

Mchana ni Gede, mji wa kale uliobaki magofu: muda wa saa moja na nusu unatosha, na kuna kivuli cha miti. Majengo yaliyobaki yamejengwa kwa mwamba huo huo na chokaa yake. Chungulia visima: vimechimbwa ndani ya jiwe. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ficha ndizi, kima wa pale hawabishi hodi.

Mida ukienda maji yakipanda, keti mwisho wa lile daraja la mbao na kamba katikati ya mikoko. Tope likiwa bado wazi, utaona kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga kuwaita majike. Maji yakifunika tope, ndege waliotawanyika mbali husukumwa karibu yako. Kiingilio cha daraja husaidia karo za watoto wa vijiji vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hivyo hapo msibane sana.

Majira nayo. Kusi kikivuma, takriban Mei hadi Septemba, bahari huchafuka. Kaskazi ikivuma, Watamu ni kuzuri, lakini hapa Malindi tope la mto Sabaki husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe yetu, hasa baada ya mvua. Ndiyo maana tunakwambia uongeze hiyo nauli hadi Watamu.

Malipo: kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakimo kwenye bei ya boti hadi uambiwe kimo, na Gede ina tikiti yake. Lipia nyumbani kabla ya kutoka, chaji simu, na ubebe maji lita mbili kwa kila mtu, kwani kwenye boti hakuna duka.